Shajara ya mradi: tiketi za boti na ufunguo wa namba tasa tatu, Lamu

Shajara hii naiandika kwa ajili ya yeyote mwenye kikundi cha boti au cha matatu anayetaka kuifuata kazi hii, au kunionyesha nilipokosea. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Amu, na kazi yenyewe ni ya kikundi kinachovusha abiria kati ya gati ya mjini na Mokowe. Hatua za kawaida nitazipita mbio. Palipoharibika ndipo nitakapokaa.

21 Juni 2025

Tatizo ni tiketi za kughushi. Kitabu cha tiketi hununuliwa na yeyote, na muhuri wa mpira huchongwa kwa siku moja. Jioni hesabu ya vichwa haifanani na hesabu ya pesa, na anayelaumiwa ni baharia. Hilo ndilo linaloniuma: kijana anakatwa ujira kwa kosa lisilo lake.

Tumekubaliana kila tiketi ibebe sahihi ya kidijitali ndani ya msimbo wa QR. Sanduku dogo gatini linachapisha tiketi, baharia anaipiga kwa kamera ya simu yake, na simu inamwambia kama ni halali, hata akiwa katikati ya maji bila mtandao. Siri ya kutia sahihi inakaa ndani ya sanduku. Simu zinabeba ufunguo wa umma tu, ambao hata ukibandikwa ukutani hauwezi kutengeneza tiketi.

Tunatumia RSA, njia ya Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman ya mwaka 1977. Unachukua namba tasa kubwa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe), kwa kawaida mbili, unazizidisha upate n, na usalama wote umesimama juu ya ugumu wa kuirudisha n kwenye namba zilizoizaa. Kuhakiki sahihi ni kazi nyepesi, kwa kuwa kipeo cha umma, e, ni 65537 na hesabu yake ni kuzidisha mara 17 tu. Kutia sahihi ndiko kuzito. Simu za mabaharia ni za zamani, kwa hiyo mgawanyo huo wa kazi unatufaa, ila mzigo wote unaliangukia sanduku.

Sanduku lina bodi ndogo ya kompyuta, ESP8266 ya megahezi 80, printa ya karatasi ya milimita 58, betri mbili na paneli ndogo ya sola. Bodi sita kama hiyo nilikuwa nazo tayari kutoka mradi mwingine.

Nimeulizwa kwa nini situmii sahihi za mikunjo ya duaradufu, ambazo ni fupi zaidi. Ni swali la haki. ECDSA, ndiyo aina yake inayosomeka kwenye simu zetu, kwa kawaida inadai namba mpya ya bahati kwa kila sahihi, na namba hiyo ikijirudia mara mbili tu, ufunguo wa siri unakokotoleka. Ndivyo ulivyofichuka ufunguo wa PlayStation 3 mwaka 2010. Bodi yangu huwashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku, na sina imani na bahati nasibu yake. RSA kwa mpangilio wa zamani wa PKCS#1 v1.5 (kanuni za kuupanga ujumbe kabla ya kuutia sahihi) haihitaji bahati yoyote wakati wa kutia sahihi: ujumbe uleule hutoa sahihi ileile. Nimeichagua kwa sababu hiyo. Mtu anayeanza upya na bodi bora kuliko hii asijifunge na uamuzi wangu.

Lengo: kazi iwe imekamilika kabla ya Maulidi, ambayo huwa Mfunguo Sita. Mwaka huu mwezi huo unaanza mwisho wa Agosti. Wakati huo Mokowe hujaa watu, mabasi yanashusha abiria mfululizo, na tiketi moja haiwezi kungojewa kama mkate tanurini.

28 Juni 2025

Jaribio la kwanza, n ya biti 2048 na kipeo cha siri chote kwa mkupuo: bodi haikumaliza. Ina kilinzi cha ndani kinachoiwasha upya ikiona programu imekaa zaidi ya sekunde tatu hivi bila kupumua, na ndicho kilichotokea kila nilipojaribu.

Jaribio la pili, kwa kugawa kazi kati ya namba tasa mbili na kuunganisha mwishoni, jambo lililoelezwa na Quisquater na Couvreur mwaka 1982: sekunde 3.1, nikikipumzisha kile kilinzi katikati. Ukijumlisha na uchapishaji inafika karibu sekunde tano kwa tiketi. Nahodha mmoja mzee alisimama pembeni akiitazama, akasema kwa upole kwamba boti yake inapakia watu kumi kwa muda huo. Ana haki.

Hapo ndipo wazo la namba tasa ya tatu lilipoingia. Kazi ya kupandisha kipeo hukua kwa mchemraba wa urefu wa namba. Ukiigawa n nusu kwa nusu, kila nusu ni sehemu ya nane ya kazi. Nusu ziko mbili, kwa hiyo jumla ni robo. Ukiigawa kwa tatu, kila theluthi ni sehemu ya 27; ziko tatu, jumla ni sehemu ya tisa. Kutoka robo hadi sehemu ya tisa ni kuongeza kasi mara 2.25, na n ni ya urefu uleule. Simu haitambui tofauti yoyote. Ufunguo wa umma ni n na e kama kawaida, na sahihi ni ya baiti 256 zilezile.

Wazo si langu na si jipya. Hataza ya RSA yenyewe, iliyotolewa 1983, ilitaja kwamba n inaweza kuzaliwa na namba tasa tatu au zaidi. Mwaka 1998 watu wa kampuni ya kompyuta ya Compaq walipata hataza yao juu ya kuzitumia kwa kasi. Kiwango cha PKCS#1 kikaziingiza katika toleo la 2.1, lililochapishwa kama RFC 3447 mwezi Februari 2003, na OpenSSL, programu huria ya usimbaji, ikazikubali katika toleo la 1.1.1 la mwaka 2018.

5 Julai 2025

Nilitaka kuzielewa kabla ya kuzitumia, kwa hiyo ufunguo wa kwanza nimeutengeneza kwa programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python kwenye laptop. Kutafuta namba tasa ndogo kuna raha yake. Kwa biti 1024 inabidi kupima witiri kama 355 kwa wastani kabla ya kupata namba tasa moja. Kwa biti 683 ni kama 237, na kila kipimo ni chepesi mara tatu na zaidi.

Kosa: simu zikaukataa ufunguo. Zinasema ni mfupi mno, na nilikuwa nimeomba biti 2048 waziwazi. Nikautoa upya, ukakubaliwa. Nikautoa tena, ukakataliwa. Jioni nzima dakani nikitafuta kosa kwenye programu ya simu, mahali ambapo halikuwapo.

Sababu ni hii. Kila mwongozo wa RSA unasema biti mbili za juu za kila namba tasa ziwekwe 1, ili zao lisipungue urefu. Kwa namba mbili ni kweli: kila moja ni angalau robo tatu ya ukomo wake, na robo tatu mara robo tatu ni 0.5625, zaidi ya nusu, kwa hiyo biti ya juu ya zao haipotei. Kwa namba tatu ni 0.42. Ni chini ya nusu. Zao linaweza kutoka na biti 2047, na simu inayodai 2048 inakataa, na haki iko upande wake.

Marekebisho ni mepesi: weka biti tatu za juu kuwa 1 (0.875 mara tatu yenyewe ni 0.67), au pima zao na utupe lililopungua. OpenSSL hupima yenyewe. Kwa hiyo baada ya kulielewa nimeiacha Python yangu, na ufunguo halisi natoa hivi:

openssl genrsa -primes 3 -out sanduku1.pem 2048

Toa funguo kwenye laptop iliyokwisha kuwaka kwa muda, wala si kwenye bodi iliyowashwa sasa hivi. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za umma kutoka vifaa vya mtandaoni dunia nzima wakakuta vingi vinashirikiana namba tasa, kwa kuwa vilitengeneza funguo vikiwa vimetoka tu kuwashwa, kabla havijakusanya bahati ya kutosha. Wawili wakishirikiana namba tasa moja, mtu yeyote anatafuta kigawo kikubwa cha shirika cha n zao mbili na zote zinafunguka.

12 Julai 2025

Maktaba ya usimbaji (programu ya hesabu za siri iliyoandikwa na wengine) iliyoko kwenye bodi haikuusoma ufunguo. Faili ya ufunguo wa siri huanza na namba ya toleo: 0 ni ya namba tasa mbili, 1 ni ya zaidi. Maktaba inajua 0 tu. Nilijaribu pia kuuhifadhi ufunguo kwenye kifaa cha USB cha kutunzia siri, nacho kina vyumba viwili tu, cha p na cha q, ndiyo majina ya namba tasa mbili za kawaida. Cha tatu hakina pa kukaa. Kiwango cha serikali ya Marekani, FIPS 186, nacho huitaja n kuwa zao la namba tasa mbili; watunzi wa lugha ya programu ya Go mwaka 2023 waliitangaza kazi yao ya kutengeneza funguo za namba nyingi kuwa ya kuachwa. Anayetaka kuifuata njia hii alijue hilo mapema: simu za kuhakiki hazitamsumbua, lakini kila kitu kinachoshika ufunguo wa siri kinaweza kukataa.

Suluhisho: nazitoa namba moja moja.

openssl rsa -in sanduku1.pem -text -noout

Mwisho wa orodha utaona prime3 (namba tasa ya tatu yenyewe), exponent3 na coefficient3. Hizo tatu, pamoja na tano za kawaida za p na q, nazipeleka kwenye bodi kama safu za namba. Kazi ya kupandisha vipeo naiachia maktaba, mara tatu. Kuunganisha sehemu ya tatu naandika mwenyewe.

19 Julai 2025

Kasi ni sekunde 1.5. Hesabu ya kwenye karatasi ilisema 1.38, kilichobaki ni kuunganisha na kuhamisha namba. Nimefurahi kwa kweli.

Lakini tiketi hazikubaliki zote. Tulichapisha hamsini gatini, tukawagawia abiria waliokuwa wakingoja wazijaribu na mabaharia wawili. Ishirini na sita zilikataliwa. Nikazichapisha nyingine nyumbani: karibu nusu tena. Tiketi moja ikichapishwa mara mbili hutoa jibu lilelile mara zote mbili. Kwa hiyo si printa, si karatasi, si mwanga wa jua, ingawa nilivijaribu vyote hivyo kwanza na kumaliza rola nne.

21 Julai 2025

Nimelipata. Nitalieleza kwa namba ndogo, kwa kuwa ndivyo nilivyoliona mwenyewe, kwa kalamu.

Chukua 11, 17 na 23. Zao ni 4301. Kipeo cha umma kiwe 3. Ujumbe uwe 4089. Sahihi yake ya kweli ni 3500, na bodi haiipati moja kwa moja. Inapata mabaki yake matatu. Fikiria rundo la nazi 3,500 lililoshushwa jahazini. Ukizihesabu kumi na moja kumi na moja zinabaki 2. Ukihesabu kwa kumi na saba zinabaki 15. Kwa ishirini na tatu zinabaki 4. Ukipewa mabaki hayo tu, 2, 15 na 4, unaweza kuirudisha 3,500, alimradi unajua rundo halifiki 4,301.

Kwanza unaunganisha mawili. Namba yenye baki 2 kwa 11 na baki 15 kwa 17 ni 134. Kisha unauliza: niongeze 187 (yaani 11 mara 17) mara ngapi ili baki la 23 liwe 4? Baki la 134 kwa 23 ni 19. Tofauti ni 4 toa 19, ambayo ni hasi 15. Katika ulimwengu wa 23, hasi 15 ni 8. Unazidisha kwa coefficient3 (namba ambayo ikizidishwa kwa 187 hubaki 1 kwa 23), ambayo hapa pia ni 8, unapata 64, baki 18. Kisha 134 + 187 × 18 = 3500. Imekamilika.

Kosa langu lilikuwa kwenye "4 toa 19". Shuleni tulifundishwa kukopa. Kompyuta nayo inakopa, lakini isipoambiwa inakopa kutoka mwisho wa sanduku lake la biti, haikopi kutoka 23. Kwa biti nane, 4 toa 19 inakuwa 241, na baki la 241 kwa 23 ni 11, si 8. Ukiendelea na hiyo 11 unapata 88, baki 19, na sahihi inatoka 134 + 187 × 19 = 3687. Si sahihi ya chochote.

Pale ambapo baki la tatu ni kubwa kuliko lile la 134, hakuna kukopa na jibu ni zuri. Ndiyo maana ni nusu. Hatua ya p na q ilikuwa ya maktaba na ilikopa vizuri. Hii ya tatu ni ya mkono wangu. Marekebisho ni mstari mmoja: tofauti ikiwa hasi, ongeza r (namba tasa ya tatu, hapa 23) kabla ya kuendelea. Tiketi mia moja zimepita zote. Nimewaambia kikundi tuko tayari.

26 Julai 2025

Hatukuwa tayari. Sehemu hii ndiyo naomba isomwe polepole.

Mpwa wangu anasoma hesabu chuoni na yuko likizo. Aliisoma shajara ya tarehe 21 akiwa barazani, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza.

"Mjomba, zile tiketi zilizokataliwa ziko wapi?"

"Nyingine nimetupa, mwanangu. Nyingine wameondoka nazo abiria."

"Na ufunguo ni uleule?"

"Ni uleule. Ufunguo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kutoa."

Akaniomba moja. Ilikuwapo mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, na jasho limeanza kuifuta pembeni. Akaisoma kwa simu, akahamishia namba kwenye laptop, akaandika mstari mmoja wa Python. Laptop haikuvuta hata pumzi. Aliigawa n kwa namba iliyotoka, kisha akanigeuzia kioo. Jibu lilikuwa prime3 yangu, tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho. Niliifungua faili ya siri pembeni nikazilinganisha kwa kidole.

Rudi kwenye nazi uone alivyofanya. Sahihi mbovu ni 3687. Ipandishe kipeo cha 3 na uchukue baki kwa 4301: unapata 4276. Ujumbe ulikuwa 4089, na mtu yeyote anaujua kwa kuwa umeandikwa kwenye tiketi. Toa: 4276 − 4089 = 187. Gawa 4301 kwa 187: 23.

Hakuna alichovunja. Sahihi ile ilikuwa nzuri upande wa 11, nzuri upande wa 17, na mbovu upande wa 23 peke yake, kwa hiyo tofauti kati yake na ukweli inagawanyika kwa 11 na kwa 17 lakini si kwa 23. Kigawo kikubwa cha shirika kinawatenga. Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton waliionyesha hatari hii mwaka 1997, wakizungumzia kadi za chip zinazopata hitilafu wakati wa hesabu, na Arjen Lenstra akaonyesha kwamba sahihi moja mbovu pamoja na ujumbe wake inatosha. Ule mpangilio wa v1.5 nilioupenda kwa kutohitaji bahati ndio uliomwezesha mpwa wangu kujua hasa ujumbe ulipaswa kuwa namba gani. Mpangilio mpya zaidi wa PSS, wenye chumvi ya bahati ndani yake (namba ya bahati inayochanganywa na ujumbe), usingempa nafasi hiyo.

Kwa namba tasa mbili tungekuwa tumepoteza yote siku hiyo hiyo. Kwa tatu tumepoteza moja, na p mara q iliyobaki ni ya biti 1366. Namba kubwa ya mashindano ya RSA iliyowahi kufunguliwa hadharani ni ya biti 829, Februari 2020. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kughushi tiketi zetu. Lakini ningekosea tena siku nyingine kwenye hatua ya q, tiketi moja ya siku hiyo na moja ya tarehe 19 zingetosha kuumaliza ufunguo wote. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wako salama. Ufunguo umetupwa leo kabla ya Maghrib.

2 Agosti 2025

Mabadiliko matatu.

La kwanza: sanduku haliachii sahihi kabla ya kuihakiki lenyewe. Linaipandisha kipeo cha 65537, linalinganisha na ujumbe, na likikuta tofauti linaanza upya bila kuchapisha chochote. Likikuta tofauti mara ya pili kwa tiketi ileile, linajifunga na kuwasha taa nyekundu. Gharama ni chini ya sehemu ya kumi ya muda: kutoka sekunde 1.5 hadi 1.6. OpenSSL hufanya ukaguzi huu ndani yake yenyewe. Mimi, kwa kuandika hatua moja kwa mkono, nilikuwa nimeupoteza bila kujua.

La pili: kila sanduku lina ufunguo wake. Simu zinabeba orodha ya funguo za umma, na ufunguo ukifa unafutwa mmoja tu.

La tatu: orodha hiyo sasa ni faili ya kando. Awali ufunguo wa umma niliushonea ndani ya programu ya simu, kwa hiyo kuubadilisha kulinilazimu kuzifuata simu kumi na moja, moja baada ya nyingine, mbili zikiwa Mokowe na moja ya nahodha aliyekwenda Faza kwa harusi. Siku mbili na nusu zimepotea na maji ya kusi yalikuwa mabaya.

13 Agosti 2025

Mpwa wangu aliuliza: kama tatu ni nzuri, mbona si nne? Kwa hesabu ileile nne ni sehemu ya 16, kasi mara nne ya ile ya mbili. Nilijaribu, OpenSSL ikakataa. Chini ya biti 4096 inaruhusu tatu tu. Kuanzia 4096 nne. Kuanzia 8192 tano, na hapo ndipo kikomo.

Nakubaliana nayo. Kuna njia mbili kuu za kuivunja n. Moja kazi yake inategemea urefu wa n nzima, na hiyo haijali namba tasa ziko ngapi. Nyingine, ya mikunjo ya duaradufu, iliyotolewa na Hendrik Lenstra mwaka 1987, inategemea ukubwa wa namba tasa iliyo ndogo kuliko zote. Kila unapoongeza namba tasa bila kurefusha n, unaipunguzia kazi hii ya pili. Kigawo kikubwa kilichowahi kupatikana kwa njia hiyo kina tarakimu 83, mwaka 2013. Theluthi yetu ina tarakimu 206. Robo ingekuwa na 155. Zote ziko mbali, lakini kwa chini ya sekunde moja ya foleni sioni sababu ya kuusogelea ukingo. Tatu zimetosha.

23 Agosti 2025

Pesa hadi leo, kwa shilingi. Bodi sita nilizokuwa nazo, kwa thamani yake, 3,900. Printa mbili 8,400. Betri na chaja 3,600. Masanduku na silikoni ya kuzuia maji 1,850. Rola ishirini za karatasi 1,200. Jumla 18,950 kabla ya makosa. Makosa yameongeza: rola nne za tarehe 19, shilingi 240, nauli na bando la kubadilisha funguo, 1,700, na printa ya tatu, 4,200, kwa kuwa ya kwanza iliingiliwa na hewa ya chumvi kichwani ikawa inachapisha mistari mieupe. Msimbo wetu una nukta nyingi, mstari mmoja mweupe unaweza kuuharibu. Sasa kila jioni kichwa kinafutwa kwa spiriti. Jumla kuu ni 25,090.

27 Septemba 2025

Maulidi yamepita. Masanduku mawili yalifanya kazi, moja Mokowe na moja gati ya mjini, na foleni ilikwenda. Hesabu ya vichwa na ya pesa zililingana siku zote isipokuwa moja, na siku hiyo ilikuwa mtoto aliyepakatwa na mamaye ambaye baharia alimhesabu.

Kilichonirudisha kwenye shajara ni kihesabio cha ukaguzi. Tangu Agosti kilikuwa sifuri kwenye masanduku yote. Jana nilipofungua la Mokowe kilisoma 2. Mara mbili sanduku lilitoa sahihi mbovu, likaigundua, likaitupa na kutoa nzuri. Zote mbili zilikuwa usiku, dakika chache baada ya saa tatu, printa ikiwa na kazi mfululizo.

Msimbo haujabadilika, kwa hiyo nilifungua kifuniko cha betri. Mguu mmoja wa shaba ulikuwa umeota kutu ya kijani, laini kama ungaunga, na nilipoupima huku printa ikivuta karatasi umeme ulianguka kwa zaidi ya volti moja. Bodi ilikuwa inahesabu kwa umeme unaoyumba. Nimeukwangua, nimeupaka grisi, na nimeziba tundu la waya ambalo silikoni yake ilikuwa imepasuka.

Kilichobaki: kuhamia PSS, ambayo simu tisa kati ya kumi na moja tayari zinaisoma, kuweka kipimo cha volti ili sanduku lisianze hesabu umeme ukiwa chini, na kubadilisha funguo za masanduku yote kila Mfunguo Mosi. Mpwa wangu amerudi chuoni na ameniachia programu ndogo inayopitia kila sahihi iliyokataliwa na kujaribu kigawo cha shirika. Naiendesha kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita haikupata kitu.